Excel haijui nyuzi: kukokotoa saini, kosaini na tanjenti kwenye lahajedwali

Fungua Excel, andika =SIN(30) kwenye seli yoyote, bonyeza Enter. Kila aliyewahi kushika kijitabu cha majedwali ya tarakimu nne sekondari anakumbuka kwamba saini ya nyuzi 30 ni nusu. (Saini ya hisabati, si ile ya kwenye hundi.) Seli inaonyesha -0.988031624. Si nusu, na juu ya hapo ni hasi. Google Sheets italeta hivyohivyo, LibreOffice Calc pia, na Excel ya kwenye simu haina tofauti. Hakuna iliyoharibika. Zote zimesoma 30 kama radiani 30, pembe inayozunguka duara mara nne na kuingia zaidi ya robo tatu ya mzunguko wa tano, zikatoa saini yake barabara.

Kalkuleta ina kitufe cha DEG na RAD. Lahajedwali halina, wala hakuna pa kuchagua hivyo kwenye mipangilio, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta. Pembe inageuzwa ndani ya fomula yenyewe, kila fomula, kila mara.

Radiani ni nini hasa

Chukua mfuniko wa sufuria. Pima kamba kutoka katikati mpaka ukingoni, ikate hapo, kisha ilaze kamba hiyohiyo juu ya ukingo. Kipande cha ukingo kilichofunikwa na kamba, ukikitazama kutoka katikati ya mfuniko, kinafungua pembe ya radiani 1. Kwa nyuzi ni 57.2958. Mfuniko uwe wa sufuria ya pilau ya harusi au wa birika, pembe haibadiliki, maana kamba inakua pamoja na mfuniko. Kuuzunguka ukingo wote utahitaji kamba sita na kipande, yaani 6.2832, ambayo ni pai mara mbili. Nusu duara, nyuzi 180, ni pai moja. Hapo ndipo inapotoka kanuni yote ya kugeuza: zidisha nyuzi kwa pai, gawanya kwa 180.

Namba 360 tumeirithi kwa Wababeli na ni makubaliano tu; ndani ya duara lenyewe haimo. Radiani inatoka kwenye duara, ndiyo maana hesabu za pembe zinanyooka zikiandikwa kwa radiani. Pembe ikiitwa x, saini yake inakaribiana sana na x, toa x³ kwa 6, jumlisha x⁵ kwa 120. Jaribu kwa nyuzi 30, yaani x = 0.523599: 0.523599 toa 0.023925 jumlisha 0.000328 unapata 0.500002. Vipande vitatu tu na tayari umefika nusu. Ukiweka nyuzi badala ya radiani, mfululizo huo hauna maana tena. Hesabu za jamii hii ndizo zinazotumika ndani ya kompyuta, kwa hiyo aliyetengeneza fanksheni ya SIN hakuwa na sababu ya kuipa nyuzi.

Kwenye seli una njia mbili za kugeuza: =SIN(RADIANS(30)) au =SIN(30*PI()/180). Zote zinaleta 0.5. Ya kwanza inasomeka vizuri zaidi, na mwenzako atakayeifungua faili mwakani ataelewa ulikusudia nini. PI lazima iwe na mabano yake hata kama ndani hamna kitu; ukiyasahau Excel inadhani unaita jina fulani na inajibu #NAME?. Halafu kuna mazoea ya shule ya msingi ya kuandika 22/7. Yaache. 22/7 inazidi pai kwa karibu asilimia 0.04, na kwenye umbali wa kilomita 1,000 hizo ni mita 400 zilizopotea bila sababu, wakati PI() imekaa palepale na tarakimu zake 15.

Paa la nyuzi 25

Kosa la kusahau RADIANS lingekuwa dogo kama kila mara lingeleta jibu la ajabu kama lile la -0.988. Ubaya ni kwamba halifanyi hivyo. Tuchukue hesabu ya kenchi, ambayo fundi yeyote wa Mbagala au Goba anaikuta kila wiki.

Nyumba ina upana wa mita 6. Paa ni la migongo miwili, kwa hiyo kila upande unafunika mita 3 za mlalo, na tunaongeza sentimita 40 za paa kutokeza nje ya ukuta. Jumla ya mlalo ni mita 3.4. Mbao inayopanda kutoka ukingoni mpaka kileleni ni upande mrefu wa pembetatu, na urefu wake ni mlalo gawanya kwa kosaini ya mteremko. Andika 3.4 kwenye seli B1. Kwenye A4 mpaka A7 weka miteremko: 15, 20, 25, 30. Kwenye B4 andika:

=$B$1/COS(RADIANS(A4))

Kisha buruta mpaka B7. Alama za dola zinaipigilia B1 isihame. Ukiziacha, ukiburuta chini B1 inageuka B2, na kwa kuwa B2 haina kitu utapata 0. Hilo angalau linaonekana kwa macho.

Majibu sahihi ni haya: nyuzi 15 mbao ya mita 3.52, nyuzi 20 mita 3.62, nyuzi 25 mita 3.75, nyuzi 30 mita 3.93. Yanapanda taratibu, kama inavyotakiwa. Paa likisimama zaidi, mbao inarefuka.

Sasa futa RADIANS, uache =$B$1/COS(A4). Nyuzi 15 inaleta -4.48, mbao yenye urefu hasi, na hakuna atakayeipeleka dukani. Nyuzi 20 inaleta 8.33. Nyuzi 30 inaleta 22.04, mbao ndefu kuliko nyumba. Lakini nyuzi 25 inaleta 3.43.

Itazame hiyo 3.43. Ni chanya, ni ndefu kidogo kuliko mlalo wa 3.4, inafanana kabisa na urefu wa mbao ya paa. Kwa bahati mbaya radiani 25 zinaangukia karibu sana na mizunguko minne kamili, na kosaini ya hapo ni 0.9912. Aliyekokotoa paa moja tu, la nyuzi 25, hana la kulinganisha nalo na hana sababu ya kushtuka. Mbao ya futi 12 ni mita 3.66. Kwa jibu la 3.43 anaagiza za futi 12 na anaona hata kipande cha kukata kitabaki. Urefu wa kweli ni 3.75, futi 12 haifiki, na kila mbao iliyokatwa kwa kipimo cha 3.43 imepungua sentimita 32. Huko juu ya ukuta hakuna fomula ya kurefusha mbao.

Dawa ni kuweka ndani ya jedwali mstari mmoja ambao jibu lake unalijua kichwani. Kosaini ya nyuzi 60 ni nusu, kwa hiyo kwenye mstari wa nyuzi 60 jibu lazima liwe mara mbili ya mlalo: 6.80. Ongeza 60 kwenye A8, buruta fomula ileile. Ikitoka 6.80 fomula iko sawa. Bila RADIANS ingetoka -3.57. Jambo la muhimu ni kuiburuta fomula ileile. Watu huandika seli ya majaribio pembeni, =COS(RADIANS(60)), wakaona 0.5 na kuridhika, wakati fomula za kazi ziko kwingine na kosa lao limo.

Kama unatumia Excel mpya, unaweza kutengeneza fanksheni yako mara moja ukapumzika: kwenye sehemu ya kusimamia majina (Name Manager), tengeneza jina KOSAINI_NYUZI na uliandikie =LAMBDA(d,COS(RADIANS(d))). Kuanzia hapo =KOSAINI_NYUZI(60) inaleta 0.5 kwenye faili hilo. Google Sheets nayo ina namna yake ya kuzipa fanksheni majina.

Usiandike alama ya nyuzi kwenye seli ya pembe. 25° ni maandishi machoni pa lahajedwali, na fomula itajibu #VALUE!. Ukitaka alama ionekane, iache namba iwe namba na ubadilishe umbo la seli: 0.0"°" kwenye umbo maalumu (Custom).

Kurudi nyuma kutoka urefu kwenda pembe

Mara nyingi fundi hana pembe. Ana kimo: paa lipande mita 1 kwa mlalo wa mita 3. Hapo unatumia tanjenti kinyumenyume, ATAN. =ATAN(1/3) inaleta 0.32175, radiani tena, kwa hiyo unaifunika: =DEGREES(ATAN(1/3)), jibu nyuzi 18.43. Ukumbusho ni rahisi: pembe ikiingia kwenye SIN, COS na TAN inavaa RADIANS, ikitoka kwenye ASIN, ACOS na ATAN inavaa DEGREES. ASIN na ACOS hazikubali namba iliyo nje ya -1 na 1. Ukiona #NUM! huenda umegawanya kinyume, upande mrefu juu na mfupi chini.

Ugumu wenyewe unaanza kwenye kazi ya upimaji, kwa sababu ATAN inajua nusu tu ya duara. Majibu yake yote yako kati ya nyuzi -90 na 90. Chukua kiwanja Kigamboni chenye bikoni mbili zilizopimwa kwa UTM (mfumo wa ramani unaotaja mahali kwa mita za mashariki na kaskazini), ukanda wa 37 Kusini. Bikoni A iko mashariki 535420, kaskazini 9242860. Bikoni B iko mashariki 535390, kaskazini 9242900. Kutoka A kwenda B unasogea -30 kwa mashariki na 40 kwa kaskazini. Umbali ni mita 50, hilo halina utata. Mwelekeo je? =DEGREES(ATAN(-30/40)) inaleta -36.87. Sasa geuka, toka B kwenda A: 30 na -40. =DEGREES(ATAN(30/-40)) inaleta -36.87. Kwenda na kurudi mwelekeo mmoja! Ukishagawanya, alama za kujumlisha na kutoa zimeshamezwa na ATAN haina namna ya kujua zilitoka upande gani.

ATAN2 inapokea namba mbili kabla hazijagawanywa, kwa hiyo inaona alama zote mbili. Wapima ardhi wanahesabu mwelekeo kuanzia kaskazini kwa kufuata mshale wa saa, na fomula yao ni hii, tofauti ya kaskazini ikiwa D2 na ya mashariki ikiwa E2:

=MOD(DEGREES(ATAN2(D2,E2)),360)

Kutoka A kwenda B inaleta 323.13. Kutoka B kwenda A inaleta 143.13. Zinatofautiana nyuzi 180 kamili, kama safari ya kwenda na kurudi inavyopaswa. MOD kazi yake ni kuigeuza -36.87 kuwa 323.13.

Mpangilio wa zile namba mbili ndio unaowaumiza wengi. Kwenye Excel, Sheets na Calc, ATAN2 inataka x kwanza halafu y. Kwenye Python na lugha nyingi za programu ni y kwanza. Anayehamisha hesabu kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kuzigeuza anapata majibu yanayoonekana ya kawaida kabisa ila ramani nzima imepinduliwa kwenye mshazari. Tena angalia hapo juu: tumeweka kaskazini mahali pa x, kwa makusudi, kwa sababu mpima ardhi anaanzia kaskazini. Mwalimu wa hisabati anayeanzia mhimili wa x ataweka mashariki kwanza. Kabla ya kuanza kazi, jaribu nukta iliyo mashariki kabisa, kaskazini 0 na mashariki 30. Mpima ardhi lazima apate 90.

Dakika, sekunde, na K mbili

Ramani nyingi zinaandika pembe kwa nyuzi, dakika na sekunde. Dar es Salaam iko kwenye nyuzi 6 dakika 48 kusini, na nyuzi 39 dakika 17 mashariki. Ukiweka kila kipande kwenye safu yake, unaunganisha kwa =A2+B2/60+C2/3600. Kwa upande wa mashariki ni sawa: 39.2833. Kwa upande wa kusini, ambako tunaandika hasi, watu huweka -6 kwenye A2 na 48 kwenye B2, na fomula inajumlisha -6 na 0.8. Jibu ni -5.2 badala ya -6.8. Jiji limesogea kaskazini kilomita 178 na sasa liko baharini, kwenye mkondo wa Pemba upande wa Tanga.

Pembe iandikwe chanya zote, na alama ikae peke yake kwenye safu ya nne: 1 au -1, kisha =D2*(A2+B2/60+C2/3600). Ungetamani kuandika herufi za upande badala ya namba, lakini Kiswahili kimetuchezea hapa: Kaskazini na Kusini zote ni K, Mashariki na Magharibi zote ni M.

Kuna njia ya mkato: kuandika pembe kama saa, 39:17:00, na kuzidisha seli hiyo kwa 24, kwa sababu lahajedwali linahifadhi saa kama sehemu ya siku. Badilisha umbo la seli ya jibu liwe namba. Na kinyume chake, ile 323.1301 ya kiwanja, igawanye kwa 24 na uipe umbo la [h]:mm:ss, utasoma 323:07:48. Mabano ya mraba yasikosekane, la sivyo kila masaa 24 yanaanza upya. Njia hii ni nzuri kwa pembe chanya tu. Kwa mpangilio wake wa kawaida wa tarehe, Excel haionyeshi saa hasi, inajaza seli alama za ####.

Umbali kutoka Dar es Salaam mpaka Unguja mjini unaonyesha mahali ambapo DEGREES haitakiwi. Weka -6.80 na 39.28 kwenye B2 na C2, -6.16 na 39.20 kwenye B3 na C3:

=2*6371*ASIN(SQRT(SIN(RADIANS(B3-B2)/2)^2+COS(RADIANS(B2))*COS(RADIANS(B3))*SIN(RADIANS(C3-C2)/2)^2))

Jibu ni kilomita 71.7, mstari ulionyooka juu ya bahari. 6371 ni wastani wa nusu kipenyo cha dunia kwa kilomita. ASIN imetoa radiani na tumeiacha hivyo, kwa maana radiani inahesabu kamba ngapi za nusu kipenyo zimelala ukingoni, ukizidisha kwa urefu wa kamba unapata safari. Aliyezoea kuivalisha DEGREES kila ASIN angepata zaidi ya kilomita 4,100 mpaka Forodhani.

Sifuri isiyo sifuri

=SIN(RADIANS(180)) inapaswa kuwa 0. Inaleta 1.22E-16, yaani namba yenye sifuri kumi na tano baada ya nukta kabla hujafika kwenye 1. Pai haina mwisho, kompyuta imehifadhi tarakimu chache tu, na kilichokatwa ndicho kinachochungulia hapo. Kwa paa au kiwanja haina uzito wowote. Inauma ukiandika sharti kama =IF(SIN(RADIANS(A2))=0,"sawa","si sawa"): kwa 180 litasema si sawa. Funga hesabu kwa ROUND(...,10) kabla ya kulinganisha. TAN ya nyuzi 90 ni mbaya zaidi, kwa kuwa tanjenti hiyo haipo, lakini badala ya kosa unapewa 1.63E+16 kwa utulivu kabisa. Kama pembe zako zinaweza kufika 90, ikague kosaini kwanza:

=IF(ABS(COS(RADIANS(A2)))<1E-10,"haipo",TAN(RADIANS(A2)))

Fomula ikikataliwa kabisa ingawa umeinakili herufi kwa herufi, angalia mpangilio wa lugha na nchi wa kompyuta, hasa ikiwa ni ya mtumba iliyotoka Ulaya. Penye desimali ya koma, vipande vya fomula vinatenganishwa kwa nukta mkato: ATAN2(D2;E2). Excel ya Kijerumani haiijui RADIANS, kwake inaitwa BOGENMASS. Na ukiiandikia 6.8 kwenye seli inaweza kuisoma kama tarehe 6 Agosti, ambayo kwa ndani ni namba ya makumi elfu, na saini ya namba hiyo itatoka bila kulalamika. Badilisha mpangilio wa eneo uwe wa Kiingereza au wa Kiswahili cha Tanzania, na lugha ya Excel yenyewe iwe Kiingereza, funga Excel, fungua tena, na uziandike upya zile seli zilizokwisha kugeuka tarehe, zenyewe hazirudi.